Gari Lisilo na Mapigo

Mara ya kwanza kumwona yule mama alikuwa ameinamia boneti la gari langu, sikio kwenye kipembe cha mbao, macho ameyafumba. Kilikuwa kile kipembe cha wakunga, cha kusikilizia mapigo ya mtoto aliye tumboni. Injini ilikuwa inanguruma. Fundi wangu alisimama pembeni na kitambaa cha grisi mkononi, mdomo wazi.

"Bosi," akaninong'oneza, "huyu mteja anapima mimba ya gari."

"Mwache. Akikuta mapacha tutapandisha bei."

Nimekaa kwenye biashara ya magari yaliyotumika muda wa kutosha kuona watu wakipiga matairi mateke, wakinusa viti, wakilala chini ya injini na suti zao. Aliyekuja na kipembe sikuwahi kumwona. Alisikiliza mpaka akaridhika, akanyanyuka, akakipangusa kwa leso.

"Huyu moyo wake mzima," akasema. "Mkorofi, lakini mzima. Yule je?"

Pale yadi magari yakikaa sana hupewa majina. Alilokuwa amelisikiliza tulikuwa tunaliita Mbuzi: la dizeli, refu, gumu, unapanda kwa kushika mpini, na likipita barabarani watoto waliolala wanaamka. Mkandarasi mmoja wa barabara alikuwa anamzungukia Mbuzi kwa wiki nzima na nilijua atamnunua. Alilokuwa analinyooshea kidole ni Paka. Huyo ni haibridi ya kuchomeka, viti vya ngozi, mwendo wa kuteleza. Anakwenda kwa umeme kwanza, petroli baadaye, na nyumbani unamchaji kama simu. Nilimwagiza mwenyewe kwa tamaa, na kila mteja akisikia habari ya betri anakumbuka ana mahali pa kwenda. Kwa hiyo nisiwafiche: huyu mama alipouliza habari za Paka, moyo wangu uliruka.

"Mwashe," akasema.

"Amewaka, mama," fundi akajibu.

"Amewaka wapi? Mimi sijasikia kitu."

Akaweka kipembe kwenye boneti. Akakihamishia kushoto. Akakihamishia karibu na taa. Nilikuwa nimeshajiandaa na maneno yangu ya biashara, lakini nilipomtazama usoni niliyameza. Wateja wasiolielewa gari lile walikuwa wakilidharau. Huyu aliliogopa. Alirudi nyuma, kipembe amekikumbatia kifuani.

"Huyu hana mapigo," akasema.

Nikacheka. Binti aliyekuwa ameketi kwenye benchi mbele ya ofisi, mikono juu ya tumbo kubwa, hakucheka.

"Mama, ni gari tu," akaita.

"Najua ni gari."

Nikawaingiza ofisini, nikawawashia feni. Mama hakungoja niseme karibu mara ya pili.

"Nikuambie shida yangu ili tusipotezeane muda. Huyu ni binti yangu, ameshapoteza mmoja. Sisi tunakaa juu ya kilima, hospitali iko huku chini mjini. Katikati kuna mteremko mbaya, na chini ya mteremko kuna kijito kisicho na daraja. Mara ile tulikodi pikapu. Nilikaa nyuma naye, sikio tumboni, kipembe hiki hiki. Nilichosikia njia nzima ni injini. Mtoto alinyamaza njiani, na mpaka leo sijui alinyamazia wapi."

"Mteremkoni," binti akasema, macho sakafuni. "Mimi najua."

Mama akaendelea kama hakukatizwa. "Safari hii daktari amesema atapasuliwa, uchungu usimkute kule juu. Kitanda atapewa wiki ya tarehe yake, kabla ya hapo hakuna. Sasa watoto hawasomi kalenda."

"Si ahamie mjini mapema?"

"Kwa nani? Kwako?"

Hoja hiyo nikaiacha. Namjua mke wangu.

"Nataka gari litakalopita," akasema, "na nataka gari ambalo nikiwa ndani yake nitasikia. Unalo?"

"Ninayo mawili, mama. Moja linapita, moja unasikia."

"Nina hela ya moja."

"Basi chukua hili la kimya," nikasema, sauti ya asali. "Mjamzito hatakiwi kutikiswa. Na kwa kuwa ni wewe, bei ni moja."

Watu huniita Bei Moja kwa sababu hiyo: kila mteja namwambia bei ni moja, kisha tunaanza kushuka. Yeye hakushuka wala hakupanda. Alisema atayajaribu yote mawili kwenye barabara yake, akiendesha mwenyewe, na kwenye kiti cha nyuma kutakuwa na beseni la maji.

"Beseni la nini?"

"Nataka kuona kitakachomwagika."

Habari zake nilizipata kwa fundi wangu: alipomsimulia mkewe habari ya kipembe, mkewe akamtambua, maana alijifungulia kwake. Kule kilimani wanamwita Bi Sikio. Alifanya kazi kwenye wodi ya wazazi ya hospitali ile ile ya mjini mpaka alipostaafu, na waliofanya kazi naye wanasema alikuwa anapita kati ya vitanda akiwa ameinamisha kichwa, kama kuku anayesikia punje ikianguka. Alipostaafu wenzake walifungua maduka. Yeye alirudi kwenye nyumba ya marehemu mumewe, akabomoa ukuta wa sebule, akaweka vitanda vinne na sinki, akawa anazalisha wanawake wa kilima. Kazi ngumu kuliko uwezo wake alikuwa anaishusha mjini kwa pikapu yake mwenyewe, kuukuu, ambayo aliendesha mpaka sakafu ikatoboka ukaiona barabara. Ilipokufa kabisa ndipo akaanza kukodi.

Pikapu hiyo inahusika, ndiyo maana naitaja. Breki yake ya mkono ilikuwa imekufa zamani. Kwa hiyo Bi Sikio alijizoesha kuegesha kwa namna yake: anasogeza tairi la mbele mpaka liguse jiwe, injini inazimika yenyewe kwa uchovu, akisikia kimya anafungua mlango anashuka. Jiwe, kimya, shuka. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo maisha yake yote ya udereva.

Jambo moja fundi alisema akiwa ameinamisha uso. "Bosi, yule mama haogopi kitu. Mke wangu alipotoka damu, yeye alikuwa anaimba. Lakini tangu yule mjukuu wa kwanza, anazalisha huku anatetemeka. Watu wanaona. Hawasemi."

Siku ya Mbuzi ilikuwa ya jua. Bi Sikio alishika usukani kama mtu anayeshika pembe za ng'ombe, mimi nikakaa kando yake, beseni nyuma limefungwa mkanda wa abiria. Mbuzi alipita kijitoni bila hata kuangalia maji, akapanda mteremko akitafuna mawe. Ndani ilikuwa kama tuko kwenye ngoma. Nilijaribu kumsemesha, nikaona midomo yake inasema "nini?" Tulipofika kwake juu alizima, tukasikiliza masikio yetu yakivuma, kisha tukageuka nyuma. Maji yalikuwa darini, kwenye vioo, mgongoni kwangu. Beseni lilikuwa tupu.

"Amepita," nikasema.

"Amepita." Aliendelea kulitazama beseni. "Na mtoto amefia wapi?"

Nikatoa leso nikaanza kupangusa vioo.

Siku ya Paka mawingu yalikuwa yamekaa kilimani tangu asubuhi. Aliendesha polepole mno, mabega yamepanda mpaka masikioni. Kila tulipokata kona aliuliza, "Limewaka?"

"Limewaka, mama. Tazama taa ile ya kijani."

"Mimi sitazami, nasikiliza. Limewaka?"

"Limewaka."

Kijitoni tumbo la Paka lilikwaruza jiwe, nikauma meno. Mteremko alipanda kwa kusuasua lakini alipanda. Beseni nyuma lilitulia kama bakuli la supu mezani. Bi Sikio alilitazama kwenye kioo mara kwa mara, na kila alipolitazama mabega yakashuka kidogo. Nikajua nimeuza.

Nje ya nyumba yake alisogeza tairi mpaka kwenye jiwe lake la siku zote, akafungua mlango. Nikamshika mkono.

"Mama, huyu ukimwona kimya hajazima. Anasukuma jiwe sasa hivi, humsikii tu. Ukisimama bonyeza kitufe hiki, ndiyo analala." Nikabonyeza mwenyewe.

"Nimesikia," akasema. Na ni kweli alisikia.

Hatujafika mlangoni binti akatokea, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Sketi ilikuwa imelowa mpaka chini.

"Mama, chupa imepasuka."

Rangi ilimtoka Bi Sikio midomoni. Akamshika tumbo, akambana kwa viganja huku na huku, akanigeukia. "Piga simu hospitali."

Nikapiga. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda upande mwingine, likirudi tutapewa. Na tone la kwanza la mvua likanipiga kwenye skrini ya simu. Sote watatu tulitazama juu kwa pamoja. Mbuzi alikuwa yadini, chini, pengine mkandarasi ameshamkalia. Huku juu palikuwa na Paka tu.

"Endesha wewe, mimi nikae naye nyuma," Bi Sikio akaanza, kisha akatingisha kichwa. "Hapana. Huijui barabara hii ikilowa. Utatuua."

Nilifurahi kuambiwa hivyo. Naandika bila aibu.

Tulimlaza binti kiti cha nyuma, beseni tukalirusha nje. Mvua ikashuka kwa nguvu tukiwa hatujafika mwanzo wa mteremko. Ule udongo mwekundu ukawa sabuni. Paka hakunguruma, hakulalamika, aliteleza tu, na hapo ndipo nilipomwelewa yule mama. Gari likiwa na sauti unajua linahangaika. Unasikia injini inavuta, unasikia breki zinalia, unajiandaa. Sisi tulikuwa tunateremka ndani ya kimya, na mkia wa gari unakwenda pembeni kuelekea korongo bila hata kutuambia. Nilikuwa nimeshika mpini wa juu kwa mikono yote miwili. Binti nyuma alikuwa anahema na kuhesabu kitu kwa kunong'ona.

"Unahesabu nini, mwanangu?" mama yake akamuuliza bila kugeuka.

"Kona."

Kijito tulikikuta kimepanda. Mawe tuliyopitia asubuhi yalikuwa chini ya maji ya rangi ya chai. Bi Sikio akasimamisha gari ukingoni, tairi la mbele likaegemea jiwe kubwa.

"Shuka utazame kina," akaniambia. "Na uondoe mawe yatakayogonga tumbo, maana huyu wako ni mfupi."

Nikashuka, maji yakanifika magotini. Si mengi sana, nikawaza, atapita akienda moja kwa moja. Nikaanza kuviringisha mawe pembeni. Nyuma yangu nikamsikia binti akisema kwa sauti ya mtoto mdogo: "Mama. Hachezi. Tangu kule juu hachezi."

Bi Sikio akafanya alichokuwa akifanya maisha yake yote. Tairi liko kwenye jiwe, gari liko kimya. Akafungua mlango akashuka, akaubamiza, akafungua wa nyuma, akapiga goti moja kitini, nusu ya mwili ndani, miguu nje kwenye mvua, akaweka kipembe juu ya tumbo la mwanawe.

Na mimi nikafanya nilichotumwa. Nikafika kwenye lile jiwe kubwa la tairini. Niliona litatoboa tangi. Nikaliinamia, nikalisukuma kwa bega likabiringika.

Nilihisi kitu kinanigusa mgongoni, kwa upole, kama mtu anayeomba njia.

Nikadhani ni Bi Sikio. Nikasema, "Ngoja kidogo, mama." Kikanisukuma tena, nikaanguka majini kwa mikono, na nilipogeuka niliona taa za Paka juu ya uso wangu zinakuja. Hakukuwa na sauti yoyote ila ya mvua. Nilijirusha pembeni. Tairi lilinipita karibu na mguu likaingia kijitoni, na kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

"Nani anaendesha?" Bi Sikio alikuwa anapiga kelele, miguu yake inaburuzwa kwenye kokoto, mlango wa nyuma unampiga mgongoni. "Nani anaendesha? Nani anaendesha?"

Binti alikuwa anamvuta mama yake ndani kwa nywele na kwa nguo, kwa chochote alichoshika. Mimi nilijaribu kukimbia. Ndani ya maji mtu hakimbii, anaota anakimbia. Nilishika kitasa cha mlango wa dereva, nikateleza, kikaniponyoka. Pua ya gari ilikuwa inaanza kugeuka, mkondo unaipeleka upande wa kushoto ambako kijito kinaanguka kwenye mawe. Kule hata Mbuzi asingetoka. Nikashika tena. Mlango ukafunguka, maji yakaingia pamoja nami, nikajirusha kichwa mbele, mkono mmoja nikaukandamiza kwenye breki kule chini, mwingine nikapapasa dashibodi. Mimi ninayejua vitufe vya kila gari yadini kama meno yangu, sikukiona. Nikabonyeza redio. Nikabonyeza feni. Nikabonyeza kile.

Paka akasimama.

Tulikuwa katikati ya kijito. Maji yalikuwa yanasugua chini ya milango. Nilisikia meno yangu mwenyewe. Nikafungua mdomo, sijui nilitaka kusema nini, na mkono wa Bi Sikio ukanyanyuka nyuma yangu.

"Nyamazeni."

Alikuwa amelala juu ya miguu ya mwanawe, kiatu kimoja hana, damu inamtoka kwenye muundi wa mguu, na kipembe hakijatoka mahali pake. Tukanyamaza. Hata binti alizuia pumzi. Sijawahi kuogopa kimya kama nilivyokiogopa kile, kwa sababu nilikuwa najua anachokitafuta ndani yake, na nilikuwa nimeshamwona mara moja akikikosa.

"Yupo," akasema.

Hatukufurahi bado, maana sauti yake haikuwa ya furaha.

"Yupo lakini anachoka. Anapiga polepole mno. Lala ubavu wa kushoto, mwanangu, hivyo. Wewe, endesha. Usisimame hata kwa askari. Lete simu."

Nikaendesha. Kutoka pale kijitoni kitu kilichanika chini ya tumbo la gari, kipande kikubwa, nilikisikia kikienda zake na maji. Nyuma Bi Sikio alikuwa anampigia mtu wa chumba cha upasuaji, aliyewahi kufanya kazi naye, anamwambia mapigo yako vipi, waandae nini, wamkute nani mlangoni. Kisha akarudi kwenye kipembe. Barabara ya lami ilipoanza nikakanyaga mafuta, injini ya petroli ikawaka yenyewe kusaidia.

"Zima hilo, namsikiliza!" akafoka.

Nikabonyeza kitufe cha umeme, tukaendelea kimya, na mimi natazama alama ya betri ikishuka kama nilivyokuwa natazama uso wa mtoza ushuru nilipoanza biashara. Kila nilipomtazama kwenye kioo alikuwa vile vile, sikio limebanwa, vidole vinapiga taratibu juu ya kiti. Nikagundua vinafuata yale mapigo. Macho yangu yakawa kwenye barabara na kwenye vile vidole tu. Mara mbili vilichelewa.

Mlangoni hospitali machela ilikuwa inangoja. Wakamchukua binti mbio, milango miwili ikajifunga.

Tukabaki kwenye korido, tumelowa, tumeketi kwenye benchi la mbao, madimbwi mawili chini yetu. Muuguzi akamfunga Bi Sikio bandeji mguuni, akaondoka. Bi Sikio akasema bila kunitazama:

"Uliondoa jiwe."

"Uliniambia niondoe. Wewe uliacha gari limewaka."

"Halikuwa limewaka."

"Lilikuwa limewaka, mama."

"Sikusikia kitu!" Sauti yake ilivunjika katikati. "Sikusikia kitu. Mimi nikisikia kimya najua kimekwisha. Siku zote kikiwa kimya kimekwisha."

Nikamwambia kiatu chake kingine nitamnunulia, akasema atachagua mwenyewe dukani, tena cha ngozi. Hapo nikajua bado yuko hai.

Muda ulipita. Kuna wakati alisimama ghafla, akaenda mpaka ile milango, akatoa kipembe mkobani, akakiweka kwenye mbao ya mlango na sikio lake juu yake. Mfagiaji aliyekuwa anapita alisimama na fagio lake. Mimi nilishika ukingo wa benchi. Niliuona mgongo wake tu, basi, na mgongo hauonyeshi kitu.

"Kuna nini?" nikauliza.

Akakisogeza kipembe juu kidogo.

"Mama, kuna nini?"

"Kuna mtu analia," akasema polepole. "Analia kama mkorofi."

Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo, mapafu mazima. Binti walimwokoa, lakini damu ilikataa kusimama wakalazimika kumtoa kizazi. Kwa hiyo huyo ndiye atakayemlea, wa kwanza na wa mwisho. Bi Sikio alipoambiwa alitikisa kichwa mara moja kama mtu anayekubali bei ambayo haipendi, akauliza mtoto ameshanyonya.

Baada ya majuma kadhaa alikuja yadini, amevaa viatu vipya vya ngozi, vile nilivyomlipia. Paka alikuwa kwenye kona amechomekwa ukutani. Alimzunguka kwa mbali, kama unavyomzunguka mbwa aliyewahi kukuuma.

"Nimekuja kumchukua huyu," akasema.

"Huyu?"

"Ndani yake nilisikia. Isingekuwa vile nisingewaambia waandae nini. Lakini amekwaruzika tumboni, bei ishuke."

"Nani alimkwaruza?"

"Aliyekuwa anaendesha. Wewe."

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Mkandarasi alikuwa ameshaleta neno kwamba kesho anakuja na hela ya Mbuzi, yote. Hapa biashara ilikuwa imejipanga yenyewe: mama anachukua Paka aliyenishinda, mkandarasi anachukua Mbuzi kwa bei ya kunenepesha. Mtu mwenye akili anatoa ufunguo. Nilifungua droo, nikautazama ufunguo wa Paka, na mgongo wangu ukahisi tena ule mguso wa upole.

"Huyu hauzwi," nikasema. "Chukua Mbuzi."

"Tangu siku ya kwanza unanisukumia Paka."

"Sasa nakusukumia Mbuzi. Kusikia, mama, utasimama njiani uzime usikilize. Kupita hakuna kusimama, ama unapita ama hupiti. Na kesho una mwanamke mwingine nyuma, umechoka, mvua inanyesha, umesikia kimya. Utashuka."

"Nitabonyeza kitufe."

"Utashuka. Na watu watauliza gari lilitoka kwa nani. Kwa Bei Moja."

Akaifunga droo kwa kiganja. "Kwa hiyo unaogopa."

"Ndiyo naogopa."

"Na mimi," akasema, akaketi. "Vizuri. Sasa tuzungumze bei. Mbuzi anataka springi laini, ubadilishe wewe. Na godoro nyuma. Na mkandarasi wako alikuambia ngapi?"

Sikumwambia. Alikisia, akakata chini yake, tukashindana mpaka jioni feni ikazimwa, na nilipotoka pale nilikuwa nimeuza gari kwa chini ya ambayo mtu mwingine alikuwa ameshakubali kulipa. Mkandarasi alinitukana kwa simu na tangu hapo hununua kwa jirani yangu. Huo ndio upande wangu wa hasara, pamoja na Paka, maana kila anayekuja kumwangalia namwonyesha kitufe kwanza kabla ya viti, na wengi hukumbuka wana mahali pa kwenda.

Bi Sikio yeye anapita. Masika yote alipita, mvua ya mawe alipita. Alichopoteza ni kile kimya: ndani ya Mbuzi hasikii mtu, kwa hiyo kabla ya kijito anasimama, anazima, anavuta breki ya mkono, anangoja dizeli imalize kutetemeka, ndipo anaweka kipembe. Fundi wangu amewahi kupanda naye. Anasema katika zile dakika za kungoja mikono ya yule mama hutetemeka waziwazi, na akishasikia huacha. Mjukuu analia usiku kucha, na bibi yake hataki abembelezwe haraka.

Paka naendesha mwenyewe siku hizi. Nikimwegesha nabonyeza kitufe, nashuka, narudi kutazama kama nimebonyeza, kisha nafungua buti natoa jiwe naliweka mbele ya tairi. Mke wangu aliniuliza gari la kisasa kama hili linabebewa jiwe la nini.

"Spea," nikamwambia.